Theluji ya Machi ina saa zake

Swali: Nimetoka Bukavu, naishi Oslo, huu ni mwaka wa nne. Januari nilinunua skii za mtumba, zile za kupaka nta, na mwenzangu wa kazini akanifundisha kupaka nta ya bluu. Nikafurahi sana. Tangu katikati ya Machi mambo yameharibika. Asubuhi napanda kilima narudi nyuma. Juzi mchana nilipaka nta nyekundu, theluji ikaganda chini ya miguu mpaka nikashindwa kutembea. Sasa wenzangu wananialika Pasaka twende milimani, Finse. Je, niende, au nizitundike skii mpaka Januari ijayo?

Jibu: Usizitundike bado, dada. Na Finse nenda. Skii zako hazina ubaya wowote, wala miguu yako haijasahau ilichojifunza. Kilichobadilika ni theluji yenyewe. Ile uliyojifunzia Januari haipo tena, na nta ya bluu ilitengenezwa kwa ajili ya ile. Waulize Wanorwei ni wakati gani wa mwaka wanaoupenda zaidi kwa skii. Wengi hawatakutajia Januari yenye giza, watakutajia siku hizihizi za Machi na Aprili, jua liko juu na koti limefungwa kiunoni. Ila theluji ya sasa ina saa zake, na asiyezijua atahangaika na makopo ya nta mpaka achoke.

Theluji inayoanguka kwenye baridi kali ina matawi na ncha. Unapokanyaga, zile ncha zinajichoma kidogo kwenye nta iliyo chini ya mguu, skii inashika kwa nukta moja, nawe unajisukuma mbele. Ukiinua uzito, nta inaachia na skii inateleza. Sasa jua la Machi linaiyeyusha theluji mchana, usiku inaganda tena, kesho hivyohivyo. Baada ya siku chache matawi yote yameliwa. Zinabaki punje za mviringo kama chenga za mchele: usiku zimeshikamana ngumu, mchana zimelegea na maji yamejaa katikati yake. Nta ya bluu haipati cha kushika hapo, ndiyo maana unarudi nyuma. Na hiyo juzi uliyopaka nyekundu, naamini kabisa kulikuwa na theluji mpya iliyoanguka ikiwa na majimaji. Theluji mpya iliyoloa ikikutana na nta laini, haiachii.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria rangi ya nta, fikiria usiku uliopita. Watu wengi wakifungua yr.no, tovuti ya utabiri wa hali ya hewa, hutazama nyuzi za mchana tu. Wewe tazama mawingu ya usiku. Anga ikiwa wazi, theluji hutoa joto lake kwenda juu bila kizuizi, na uso wake unaweza kuganda hata kama kipimajoto cha dirishani kinaonyesha nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, joto linarudishwa chini na theluji inaamka imeloa kama ilivyolala. Asubuhi ya namna hiyo hakuna barafu ya kukutisha, lakini pia hakuna uso mgumu wa kukubeba, na ukichelewa kutoka haupotezi kitu.

Chukua siku ya katikati ya Machi baada ya usiku wa anga wazi. Nasema saa zetu, si za simu yako. Saa 1 asubuhi ile mifereji miwili ya kupitishia skii ni barafu tupu. Mashine za Skiforeningen, chama kilichoanza mwaka 1883 na kinachotunza njia za Marka, msitu unaouzunguka Oslo, zilipita theluji ikiwa laini, na kilichochongwa kimeganda usiku kucha. Wenye klista nzuri (nta ya kunata nitakayoieleza chini) na kifua kizuri wanaruka humo wakifurahi. Mwanafunzi wa msimu wa kwanza hana sababu ya kuwa hapo. Kati ya saa 4 na saa 7 uso unalainika sentimita moja hivi, chini bado pagumu, na hapo ndipo pako. Kuanzia saa 8, kwenye miteremko inayotazama kusini, skii inaanza kunyonywa: maji yamekuwa mengi mno kati ya skii na theluji, na badala ya kulainisha mwendo yanaivuta skii chini. Saa 12 jioni kila shimo na kila nyayo ya mbwa imeganda tena. Mimi huogopa zaidi kuteremka saa hiyo kuliko asubuhi, kwa sababu asubuhi angalau mashine imepita. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, hivyo kuanzia siku hiyo ongeza saa moja kwenye hesabu yote hii.

Mahali pa kuanzia pia kuna maana sasa kuliko Januari. Huenda umezoea kushuka Sognsvann, mwisho wa treni namba 5, kwa kuwa pana nafasi na ni tambarare. Sognsvann iko mita 183 tu juu ya bahari. Panda namba 1 mpaka Frognerseteren na uko mita 469. Kila ukipanda mita 100 hewa hupungua joto kwa zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo kati ya vituo hivyo viwili kuna karibu nyuzi 2. Mwezi huu nyuzi 2 ndizo zinazoamua kama utakanyaga matope au theluji. Ukifika juu, chagua njia zinazopita upande wa kaskazini wa vilima na ndani ya msitu mnene. Msitu nao una adha yake: misonobari inadondosha sindano na magamba, mifereji inakuwa ya kahawia, na kila uchafu unapenda kukaa kwenye klista.

Sasa hiyo klista. Nina hakika wenzako wameitaja huku wakikunja uso. Ni nta ya majimaji inayokaa kwenye tyubu, inayonata kuliko gundi ya panya, na itaingia kwenye glavu, kwenye nywele na kwenye kiti cha treni ukiiruhusu. Lakini kwa theluji ya chenga hakuna mbadala wake kwenye skii za kupaka nta. Punje za mviringo haziwezi kujichoma kwenye nta ngumu. Zinahitaji kitu laini cha kuzama ndani yake. Rangi zake zinafuata mantiki uliyokwisha kuijua: bluu kwa barafu ngumu, zambarau kwa theluji iliyo karibu na sifuri, nyekundu kwa iliyoloa. Usinunue zote. Nunua tyubu moja iliyoandikwa Universal. Ukiona unatoka mara nyingi asubuhi kwenye barafu, ongeza ya bluu, uipake kwanza kwa wembamba kama tabaka la chini, kisha Universal juu yake. Barafu hukwangua klista haraka, na tabaka la bluu husaidia isiishe njiani.

Ipake ndani ya nyumba au mahali penye joto, skii ikiwa kavu na nta ya zamani imekwanguliwa yote. Nta ngumu ikibaki chini, klista haishiki. Anzia kisigino uende mbele, lakini ishie mapema kuliko ulivyozoea na nta ya bluu, pungufu ya upana wa kiganja hivi, maana klista ni nene na ikizidi mbele itakukwamisha. Chora mistari midogo ya mshazari pande zote mbili za ule mfereji wa katikati chini ya skii, usiujaze mfereji wenyewe, halafu sambaza kwa kidole gumba au kibao cha plastiki mpaka iwe nyembamba na sawa. Wanaoanza hupaka nyingi mno. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, ziweke skii nje robo saa zipoe kabla ya kuzikanyagia. Klista yenye joto la sebuleni ikigusa theluji huibeba nyumbani. Vidole ukivisugua kwa mafuta ya kupikia kabla ya sabuni vitasafishika. Skii zifunge kwenye mfuko kabla ya kupanda treni, kwa heshima ya abiria wenzako.

Kuna hali moja ambayo hata klista haiiwezi, nayo ndiyo iliyokukuta juzi: theluji mpya inayoanguka nyuzi zikiwa sifuri hasa. Nta ngumu inateleza, nta laini inaganda, klista inakuwa maboga ya theluji chini ya miguu. Wataalamu wenye vyumba vizima vya nta hukosea siku hiyo. Wewe fanya moja kati ya mawili. Ya kwanza, baki nyumbani unywe chai. Hiyo theluji kesho itakuwa imegeuka kitu kingine. Ya pili, azima skii zenye vipande vya ngozi chini, zile ambazo manyoya mafupi hulala ukienda mbele na kusimama ukirudi nyuma. Hazihitaji nta ya kushika, na siku ya sifuri zinamshinda mtu mwenye masanduku ya makopo. Jihadhari tu ukitoka kwenye jua lenye majimaji ukaingia kivulini penye baridi: ngozi iliyoloa huganda. Nyunyizia dawa ya kuzuia kuganda kabla ya kutoka. Huhitaji kuzinunua. BUA, ule mpango wa kuazima vifaa vya michezo bure, una vituo sehemu nyingi za Norwei, na wengi kati ya jamaa zetu bado hawaujui.

Ukianza kujiona mjinga kwa sababu ya theluji iliyoloa, mkumbuke Philip Boit wa Kenya. Mwaka 1998, Olimpiki ya Nagano, alishindana kilomita 10 kwa mtindo huuhuu unaojifunza wewe, miaka miwili tu tangu aanze kufundishwa skii nchini Ufini. Siku hiyo ilikuwa ya mvua na theluji nzito. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwei, na Dæhlie akamngoja pale mwisho amkumbatie. Boit alirudi Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Mtaje Finse jioni mkiwa mezani. Wanorwei wa umri fulani wote wanamjua.

Kushuka kwenye barafu nitasema kwa kifupi. Ile namna ya kufungua visigino na kubana ncha za skii uliyofundishwa inafanya kazi, lakini anza kubana juu kabisa, kabla ya kasi, kwa sababu kwenye barafu ukishachelewa umechelewa. Mguu mmoja kwenye mfereji na mwingine nje ukibana husaidia kwenye mteremko mpole. Mteremko ukikutisha, vua skii utembee pembeni, si juu ya mifereji ya watu. Hata waliozaliwa hapa huvua.

Kisha kuna zawadi ya msimu ambayo Januari haina. Asubuhi fulani, baada ya mchana wa joto na usiku wa anga wazi, uso wote wa theluji unakuwa gamba gumu linaloweza kukubeba popote. Huhitaji njia iliyochongwa. Unapita juu ya madimbwi, vichaka na mashamba kama barabara. Sheria inakuruhusu: kwa sheria ya Norwei ya maisha ya nje ya mwaka 1957, mashamba yaliyoganda au yaliyofunikwa na theluji unaweza kuyapita, isipokuwa kuanzia 30 Aprili hadi 14 Oktoba, wakati mkulima anapoyahitaji. Pita mbali na nyumba na ua wa watu. Jambo moja ulikumbuke: gamba lina muda. Ukienda mwendo wa saa moja kutoka barabarani asubuhi, hakikisha unarudi kabla halijalainika, la sivyo utarudi ukizama mpaka magotini kila hatua. Nimeshuhudia watu wazima wakikaa chini kulia.

Usilifuate gamba hilo juu ya ziwa bila kuuliza. Barafu ya maziwa mwezi Aprili inaweza kuwa nene na bado isiwe na nguvu, kwa sababu jua huitenganisha iwe vijiti vilivyosimama. Mahali pa hatari zaidi ni pale mto unapoingia au kutoka, penye mlango mwembamba, na kandokando ya maziwa ambayo maji yake hupandishwa na kushushwa kwa ajili ya umeme au bomba. Tovuti ya varsom.no, ya serikali, hutoa tahadhari za barafu na za maporomoko ya theluji bila malipo.

Sasa nimefikia habari ya Finse. Kituo kile kiko mita 1222, ndicho cha juu kuliko vyote kwenye reli ya Bergen, na barabara ya gari haifiki. Pasaka huhama kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na huku mabondeni tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo theluji au majani mabichi; Finse hainisumbui, huko theluji ipo mpaka Mei na zaidi. Cha kushangaza utakachokikuta ni kwamba kopo lako la bluu lina kazi tena. Juu kule inaweza kuwa nyuzi 8 chini ya sifuri na theluji kavu asubuhi, na klista uliyoipaka Oslo itaganda iwe mzigo. Basi panda treni na skii safi, zisizo na nta ya kushika, na mkobani uweke bluu, ile nyekundu, tyubu ya klista, kikwangulio na karatasi. Upake ukifika, baada ya kuigusa theluji kwa mkono. Ikikuachia vumbi jeupe, bluu. Ikibaki donge na glavu ikaloa, nyekundu au klista.

Jua la huko lisikudanganye kwa sababu hewa ni baridi. Theluji safi hurudisha asilimia 80 au 90 ya mwanga unaoipiga, hivyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini, mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua. Usikubali mtu akuambie ngozi nyeusi haiungui. Inaungua, ila wekundu hauonekani, hivyo unagundua usiku. Paka krimu ya jua, midomo ifunike kwa mafuta yenye kinga, na miwani ya jua iwe ya kuziba pembeni. Macho yakiungua hayaumi palepale. Yanaanza jioni, kama umetiwa mchanga, na kesho yake hutoki. Kwa Mkongo aliyekulia juani hili huonekana mzaha mpaka limpate.

Halafu upepo. Tambarare ya Hardangervidda, iliyo jirani na Finse, haina mti wa kujificha, na asubuhi ya jua inaweza kugeuka weupe mtupu ambamo huoni ncha za skii zako. Kabla ya Pasaka chama cha wapanda milima, DNT, huchomeka matawi ya miti kandokando ya njia kuu za majira ya baridi. Fuata matawi hayo, usiyaache hata kama wenzako wanaona njia ya mkato. Kaa mbali na miteremko yenye mwinuko wa zaidi ya nyuzi 30, na mbali na chini yake pia, hasa mchana theluji ikishaloa, kwa sababu poromoko halimpati aliye juu yake peke yake. Wanorwei wana kanuni tisa za milimani walizozikariri tangu shule, na ya nane inasema geuka mapema, si aibu kurudi. Wewe ndiye mgeni kundini, na mgeni huona haya kusema turudi. Mwambie kiongozi wa safari mapema, kabla hamjaondoka, kwamba huu ni msimu wako wa kwanza, akupangie siku ya kilomita chache. Safari za Pasaka hata hivyo si za kasi. Nusu ya siku watu huchimba kiti kwenye theluji kando ya ukuta unaokinga upepo, wanakaa wakimenya machungwa na kula chokoleti. Beba kipande cha sponji cha kukalia na koti nene la kuvaa mnapokaa, kwani jasho la kupanda hugeuka baridi ndani ya dakika chache. Maganda ya machungwa yarudishe mkobani. Na kama kuna mbwa, kuanzia 1 Aprili hadi 20 Agosti sheria inataka awe kwenye kamba.

Ukirudi, pengine Frognerseteren itakuwa bado inapitika kwa wiki moja mbili, pengine haitapitika. Njia ikishaonyesha changarawe, usiburute skii juu yake. Jiwe moja hukata chini ya skii zaidi kuliko msimu mzima wa theluji. Hapo ndipo pa kuzitundika. Ondoa klista yote kwa kikwangulio, kisha kwa dawa ya kusafishia nta na karatasi, ukifanyia barazani madirisha yakiwa wazi. Acha zikauke. Sehemu za mbele na nyuma, zile za kuteleza, zipake nta laini ya kuteleza kwa pasi ya nta, nene, na usiikwangue mpaka Desemba. Inalinda chini ya skii isikauke. Zisimamishe mahali pakavu pasipo joto kali, bila kuzikaza kwa mikanda, kwa maana zile za kupaka nta zinategemea ule upinde wa katikati, na ukiubana miezi sita unaulegeza.

Mwisho wa msimu maduka hushusha bei, na masoko ya mitumba hujaa. Fimbo na viatu nunua sasa. Lakini mtu akikuuzia makopo ya zamani ya nta ya kuteleza yenye fluori, hata kwa kroni 20, yaache. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, limeipiga marufuku kwenye mashindano yake kuanzia msimu wa 2023–24, kwa sababu kemikali zake hazioziki na zinaishia kwenye maji. Theluji unayoiteleza Nordmarka, sehemu ya kaskazini ya Marka, huyeyuka kuelekea ziwa la Maridalsvannet, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Oslo hutoka humo.